Mlango Unaokwama: Mti, Ubichi wa Mbao au Fundi?

Mvua zinapoanza Kasulu na Kibondo, kati ya Oktoba na Novemba, kesi za milango nazo huanza. Mlango uliotundikwa Julai ukawa unafungika kwa kidole, Desemba unataka bega. Droo ya kabati inagoma katikati. Mwenye nyumba anamfuata fundi, fundi anakuja na randa, anapunguza ukingo, mlango unapita. Ikifika Agosti mlango uleule una mwanya wa kupitisha kidole, na kesi inafufuka upya kwa shitaka la kinyume: fundi alikata mno.

Maelezo yanayotolewa hayapatani. Muuza mbao anasema tatizo ni aina ya mti: ungenunua mninga usingepata taabu hii. Mnunuzi anasema aliuziwa mbao mbichi. Fundi wa mtaa wa pili anasema mwenzake hajui kazi. Muuza rangi anasema vanishi mbili tu zingemaliza maneno. Siku hizi wameongezeka na wanaoamini kwamba mbao iliyotiwa dawa haivimbi kabisa.

Ubishi huu una gharama nje ya kijiwe, kwa sababu kila jibu linapeleka fedha na shoka mahali pake. Anayeamini kwamba kosa ni la mti atatafuta mninga na mkurungu, miti ya miombo inayokua polepole na inayozidi kuadimika. Anayeamini kwamba kosa ni la vanishi atanunua kopo. Ndiyo maana inafaa kuanzia kwenye ubao wenyewe, kabla ya kuwasikiliza wabishi.

Kinachotokea ndani ya ubao

Wengi hudhani mbao huvimba kwa sababu maji yamejaza matundu yake. Sivyo. Mbao ni mkusanyiko wa vijibomba vyembamba visivyohesabika, na maji yaliyomo ndani ya uwazi wa vijibomba hivyo hayaitanui hata kidogo. Kinachovimba ni kuta zake.

Kuta hizo zimejengwa hasa kwa selulosi, yaani minyororo mirefu ya glukosi iliyoungana. Kila kiungo cha mnyororo kina sehemu zenye oksijeni na haidrojeni ambazo huvuta molekuli za maji. Minyororo imejipanga kwa mafungu, na katikati ya fungu imebanana kiasi kwamba maji hayapenyi. Yanakopenya ni kando ya mafungu na katika hemiselulosi inayoyazunguka. Molekuli za maji zinajichomeka pale, zinayasukuma mafungu yaachane, ukuta unanenepa. Lignini, ambayo ndiyo inayoupa mti ugumu, inazuia kwa kiasi upanuzi huo, lakini haiumalizi.

Upanuzi una kikomo. Unyevu wa mbao unapofika kama asilimia 28 hadi 30 ya uzito wake mkavu, kuta zimeshiba. Maji yanayoongezeka baada ya hapo huingia kwenye uwazi wa vijibomba na kuongeza uzito tu. Gogo lililolala mtoni mwezi mzima halizidi kwa unene lile lililoangushwa jana, maana lililoangushwa jana lilikwisha kushiba tangu lilipokuwa mti. Kwa upande mwingine, mbao inapokauka kutoka asilimia 80 hadi 30 inapungua uzito sana bila kupungua upana. Mnunuzi anayeinua ubao, akauona mwepesi kuliko ule wa wiki iliyopita, akasema umekauka, anaweza kuwa hajaona bado hata milimita moja ya kusinyaa kwake. Kusinyaa kote kunamngoja nyumbani.

Hesabu ya asilimia nayo huwachanganya watu. Unyevu hupimwa kwa kulinganisha uzito wa maji na uzito wa mbao iliyokauka kabisa, kwa hiyo mbao mbichi inaweza kuwa na unyevu wa asilimia 100 au zaidi: maana yake ni kwamba maji yaliyomo ni mazito sawa na mbao yenyewe.

Jambo la pili ni mwelekeo. Mafungu ya selulosi katika sehemu kubwa ya ukuta yamelala karibu sambamba na urefu wa mti. Ni kama mzigo wa kuni: ukichomeka vijiti kati ya kuni, mzigo unanenepa lakini haurefuki. Kwa hiyo ubao wa kawaida unaotoka ubichi hadi ukavu kamili hupungua urefu kwa asilimia 0.1 hadi 0.3 tu, kiasi ambacho seremala hakioni. Kwa upana mambo ni mengine, na upana nao una sura mbili. Kufuata pete za ukuaji, mbao husinyaa takriban mara mbili ya inavyosinyaa kutoka kiini kwenda kwenye gome. Tofauti hiyo ndiyo inayopinda mbao. Ubao uliopasuliwa bapa ubavuni mwa gogo unapokauka, upande uliokuwa kwenye gome unasinyaa zaidi kuliko ule ulioelekea kiini, na kingo zinainuka kuelekea gome. Hakuna aliyeuroga.

Jambo la tatu ndilo linalosahaulika zaidi. Mbao haihitaji kunyeshewa ili ivimbe, maana mvuke ulio hewani unatosha. Ubao huvuta au huachia unyevu mpaka ulingane na hewa inayouzunguka. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 50, mbao hutulia kwenye kama asilimia 9. Hewa ikiwa ya asilimia 65, mbao hutulia karibu na 12, na kwenye hewa ya asilimia 80 hufika kama 16. Mlango wa chumba cha ndani, usioona tone la mvua mwaka mzima, unavimba kwa njia hiyo.

Mwaka wa Buha

Buha, yaani nyanda za juu za Kigoma, ina mwaka wa vipande viwili vilivyo wazi. Mvua huanza karibu na Oktoba au Novemba, hupumzika kidogo Januari au Februari, kisha huendelea hadi Aprili au Mei. Kuanzia Juni hadi Septemba ni kiangazi kikavu cha vumbi na moto wa nyika. Hewa ya vipande hivyo viwili, tuseme ya Agosti na ya Desemba, ni kama ya nchi mbili, na kila kipande cha mbao kilichomo ndani ya nyumba hupita nchi zote mbili kila mwaka bila kuondoka mahali pake.

Hali ya Dar es Salaam, ambako hewa ya bahari ina unyevu muda mwingi wa mwaka, ni tofauti. Kabati lililotengenezwa huko likatulia, likipandishwa Kasulu litaachia viungo kiangazi cha kwanza hata kama fundi wake alikuwa bingwa. Mwenye kabati atasema ametapeliwa. Huenda hakutapeliwa, kabati limehama hewa.

Wanaolijua jambo hili bila kulisoma ni wafugaji nyuki. Kibondo na Kasulu ni nchi ya asali, na mzinga wa sanduku uliogongomewa kwa mbao zisizokauka huachia pembe zake kiangazi. Nyuki huziba nyufa ndogo kwa gundi yao wenyewe, lakini muda wanaotumia kuziba hawaleti asali, na ufa mkubwa ni mlango wa sisimizi. Mzinga wa gome hauna tatizo la viungo, ila kila gome lililobanduliwa kuzunguka shina ni mti mmoja uliokufa. Mizinga ya masanduku ilihimizwa ili kuepuka hasara hiyo, na ikitengenezwa kwa mbao mbichi inawapa wapinzani wake hoja ya bure.

Wanaosema tatizo ni mti

Hoja yao ina ukweli mkubwa. Miti haivimbi sawasawa. Mninga unasifiwa sana kwa utulivu wake: kutoka ubichi hadi ukavu kamili, kusinyaa kwake kwa kufuata pete kuko kwenye asilimia 3 na kidogo. Mvule nao ni mtulivu, chini ya asilimia 4. Mkaratusi, ambao wengine huuita mlingoti, unaweza kufika asilimia 9 au kuzidi. Msindano uko katikati. Sehemu ya sababu ni kwamba kiini cha miti kama mninga kimejaa kemikali ambazo mti ulijihifadhia, nazo zimekalia ndani ya ukuta nafasi ambazo maji yangeingia. Kemikali hizohizo ndizo zinazowachukiza mchwa.

Wanayo hoja nyingine wasiyoitumia mara nyingi. Mkaratusi na msindano wa mashambani huvunwa ukiwa mchanga. Katika mbao ya karibu na kiini cha mti mchanga wa msindano, mafungu ya selulosi yamelala mshazari zaidi, kwa hiyo ubao unasinyaa hata kwa urefu na kujipinda kama upinde. Mkaratusi nao una mkazo uliojibana ndani tangu ukikua, ndiyo maana gogo lake hupasuka ncha mara tu linapoangushwa.

Udhaifu wa hoja uko mahali pawili. Kwanza, mninga si mninga wote. Mbao nyeupe ya pembezoni mwa gogo haina zile kemikali, inavuta unyevu na inaliwa na wadudu. Mnunuzi anayelipa bei ya mninga akapewa ubao nusu mwekundu nusu mweupe amenunua nusu ya sifa. Pili, hoja inaanza kuyumba ukiiwekea namba, kama tutakavyoona, kwa sababu inalinganisha miti kana kwamba yote imekauka sawasawa.

Kisha kuna msitu wenyewe. Mwaka 2019 nchi wanachama wa mkataba wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, waliuingiza mkurungu kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake kati ya nchi lazima idhibitiwe. Mwaka 2022, katika mkutano wa Panama, orodha ilipanuliwa ikachukua jamii nzima ya miti hiyo barani Afrika, mninga ukiwemo. Udhibiti huo ni wa kuvuka mipaka na haumgusi fundi wa Heru Juu anayetengeneza mlango wa jirani yake. Lakini unaonyesha mzigo ambao miti hii imebebeshwa. Hapa nyanda za juu mzigo una historia yake pia: kambi ya Nyarugusu ilianzishwa Kasulu mwaka 1996, ya Nduta iliwekwa Kibondo, na mahitaji ya nguzo na kuni kwa wakimbizi na wenyeji yamekuwa makubwa kwa miaka mingi. Jibu la "nunua mninga" linafaa kwa mtu mmoja. Kwa wilaya nzima halitoshi.

Wanaosema tatizo ni ubichi

Hawa ndio wenye hoja nzito zaidi.

Chukua mlango wa mbao zilizounganishwa ubavu kwa ubavu, upana wa sentimita 80, mbao zikiwa zimepasuliwa bapa. Tuseme zilikuwa zimekauka vizuri, na mwaka unazitembeza kati ya asilimia 9 kiangazi na 16 wakati wa mvua. Mlango wa mninga utatembea kama milimita 6 au 7. Wa mkaratusi utatembea kama 17. Mpaka hapa muuza mbao anashangilia.

Sasa tuseme mninga uliuzwa ukiwa na unyevu wa asilimia 25, jambo ambalo si ajabu kwa mbao iliyopasuliwa majuzi na kuletwa sokoni. Mlango ukatundikwa, kiangazi kikaukausha hadi 9. Utasinyaa kama milimita 15. Yaani mninga mbichi unamtesa mwenye nyumba karibu sawa na mkaratusi mkavu, kwa bei ya mninga. Na mkaratusi ukiuzwa ukiwa na asilimia 25, mlango unapoteza karibu sentimita 4. Hapo hata kitasa hakifiki kwenye fremu.

Ubichi una madhara mengine ambayo hayaonekani siku ya kwanza. Misumari iliyopigwa kwenye mbao mbichi hulegea mbao ikikauka. Ulimi wa kiungo uliochongwa mbichi unasinyaa ndani ya tundu lake, na kiti kinaanza kucheza. Rangi iliyopakwa juu ya unyevu hufura na kubanduka.

Mbona basi mbao mbichi ndizo zinazouzwa? Wengine husema ni udanganyifu, na udanganyifu upo, lakini hautoshi kueleza soko zima. Sababu kubwa ni mtaji. Mbao za inchi 1 zilizopangwa vizuri, zikiwa juu ya ardhi, kivulini, zimetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, zinahitaji miezi kadhaa ya kiangazi. Za inchi 2 zinahitaji zaidi ya mara mbili ya hapo, maana muda hukua haraka kuliko unene. Miezi yote hiyo fedha ya mfanyabiashara imelala bandani. Fundi wa kawaida hana banda wala fedha ya kulaza: anapokea kianzio asubuhi, mchana anakwenda sokoni, jioni anaranda. Mteja naye anataka mlango kabla ya sikukuu.

Sababu ya pili ni ya sheria, na ajabu haisemwi. Chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, mbao za msitu wa asili zinatakiwa ziwe na leseni ya uvunaji, alama ya nyundo na hati ya kusafirishia, mambo yanayosimamiwa kwa sehemu kubwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Mwenye mbao zisizo na hati hazipangi uani miezi minne zikimsubiri mkaguzi. Anataka zitoke usiku huohuo. Kwa hiyo mbao za magendo, karibu kwa lazima, ni mbao mbichi, na kwa kuwa hazikulipiwa ushuru wala hazikukaa bandani, zinauzwa rahisi na kumvunja moyo yule aliyekausha zake.

Hoja ya ubichi nayo ina pengo. Wanaoishikilia husema mbao "ikishakauka imekauka". Sivyo: mbao kavu inavimba tena hewa ikinyevuka. Ukaushaji unaondoa msinyao mkubwa wa kwanza na kuacha mwendo wa msimu, ambao hauishi hata kwa mlango wa miaka 50. Pia ukaushaji wa pupa unaharibu. Mkaratusi uliotandazwa juani Julai hukauka nje huku ndani ukiwa bado umeshiba. Ngozi inataka kusinyaa, moyo unakataa, na ubao unapasuka. Mti huo unataka kivuli na ncha zilizopakwa rangi au nta, kwa sababu maji hutokea kwenye ncha kwa kasi kubwa kuliko ubavuni.

Wanaosema ni kazi ya fundi

Mafundi wa zamani, wa Ulaya, wa Uchina na wa pwani yetu, walikubali kwamba mbao itatembea, wakatafuta namna ya kuiachia nafasi. Mlango wa paneli ndilo jibu lao. Fremu yake ni mbao nyembamba za wima na za mlalo, na katikati paneli imekaa ndani ya mfereji bila gundi wala msumari. Paneli ikivimba inajisogeza ndani ya mfereji, ikisinyaa inarudi. Kinachoweza kuongeza upana wa mlango ni zile mbao mbili za wima peke yake.

Rudia hesabu. Mbao mbili za wima za sentimita 10 kila moja, za mkaratusi uliokaushwa, zitatembea kwa msimu kama milimita 4. Ule mlango wa mninga mkavu wa mbao za ubavu kwa ubavu ulitembea 6 au 7. Mkaratusi uliofanyiwa kazi ya kufikiri umeushinda mninga. Hii ndiyo namba ninayotamani ibandikwe kwenye kila karakana ya Kasulu.

Lakini hapa pia kuna gharama. Mlango wa paneli unataka kuchonga ndimi na mifereji, kazi ya siku kadhaa kwa zana za mkono. Wapo wanaochonga umbo la paneli halafu wanaigandisha kwa gundi pande zote ili isilie. Paneli hiyo haina pa kwenda, na mvua au kiangazi vitaipasua katikati au vitafungua fremu. Nguvu ya selulosi inayovimba ni kubwa kuliko gundi na msumari.

Kosa jingine la kawaida ni kuacha nafasi ileile kati ya mlango na fremu mwaka mzima. Mlango unaotundikwa Agosti uko kwenye wembamba wake wa mwisho, kwa hiyo unadai nafasi kubwa. Unaotundikwa Machi uko kwenye unene wake na unaweza kubanwa karibu. Yule fundi wa Desemba aliyeranda ukingo mpaka mlango ukapita bila kugusa alitibu ugonjwa wa mvua kwa kuleta wa kiangazi.

Wanaotegemea rangi, dawa na maji

Rangi na vanishi huchelewesha, hazizuii. Mvuke hupenya tabaka la vanishi polepole, kwa hiyo mvua ya wiki moja haiutikisi mlango uliopakwa vizuri, lakini msimu wa miezi sita unaufikia. Na hiyo ni kama umepakwa kotekote. Mlango uliong'arishwa mbele na kuachwa mkavu nyuma, juu na chini, unavuta unyevu upande mmoja na kupinda. Ukingo wa chini, usioonwa na mtu, ndio unaofaa kupakwa kwanza.

Dawa ya mbao ni suala jingine kabisa. Dawa zinazotiwa kwa mgandamizo kwenye nguzo na mbao za kupaulia ni sumu kwa kuvu na mchwa. Hazizibi njia za maji. Tena mbao inatoka kwenye mtungi wa dawa ikiwa imelowa chapachapa, na ikiuzwa hapohapo ni mbichi kwa mara ya pili.

Mbao za viwandani nazo zina habari zao. Plaiwudi hutulia kwa sababu tabaka zake zimepishana, kila moja ikizuia upana wa mwenzake. Mbao za chembe na za unga ulioshindiliwa, ambazo makabati yake sasa yanauzwa mpaka vijijini, hazivimbi sana kwa upana, ila zikilowa ukingoni hufura kwa unene na hazirudi, kwa kuwa maji yanazifungulia chembe zilizobanwa kiwandani. Kabati la namna hiyo halifai kusimama kwenye sakafu inayopigwa deki kila asubuhi.

Na kuna tiba ya mkulima: mpini wa jembe ukilegea, unalowekwa usiku kucha. Asubuhi umekaza na kazi inakwenda. Kinachotokea ni kwamba mti unataka kuvimba ndani ya tundu la chuma, chuma hakisogei, na kuta za vijibomba zinapondwa. Mpini ukikauka tena unakuwa mwembamba kuliko ulivyokuwa kabla ya kulowekwa. Jioni unalowekwa tena. Hii ni mikopo ya kila siku kwa riba. Mpini uliokaushwa jikoni juu ya moshi kabla ya kuchongewa tundu, kisha ukatiwa kabari ya mti mkavu, hauombi maji. Ila mwenye shamba la maharage linalomngoja leo hana wiki tatu za kungoja mpini, na simlaumu.

Kupanga hoja kwa uzito

Zikiwekwa pamoja, hoja hizi hazilingani. Ubichi unaleta sentimita, umbo la kazi linaleta milimita nyingi, aina ya mti inaleta milimita zaidi au pungufu, rangi inaamua kasi tu. Aina ya mti inapanda cheo pale tu mambo mawili ya kwanza yakiwa yamepuuzwa, na kwa kuwa hupuuzwa karibu kila mara, sifa ya mninga inaendelea kukua. Mninga umekuwa njia ghali ya kununua msamaha kwa kazi iliyofanywa haraka.

Kumlaumu fundi peke yake si haki. Anayeweza kuamua mlango utulie ni yule anayeweza kulipia miezi ya kungoja, na kwa sasa hakuna anayepewa fedha hiyo. Mteja akilipa kianzio Mei, mvua zinapokatika, na mlango ukatengenezwa Septemba, amekausha mbao kwa kiangazi chake mwenyewe bila mtambo wowote. Taasisi zinazoagiza madawati na milango kwa mamia zina nafasi nzuri zaidi kuliko mtu mmoja: zinaweza kuandika kwenye mkataba unyevu wa juu kabisa unaokubalika, tuseme asilimia 14, na kukagua kabla ya kupokea. Mkataba unaotaja "mbao ngumu, daraja la kwanza" na kunyamaza kuhusu unyevu unamlipa sawa aliyekausha na asiyekausha.

Kipimo cha umeme cha unyevu si lazima. Kikatwe kipande kifupi katikati ya ubao, mbali na ncha, kipimwe kwenye mizani ndogo ya duka. Kisha kikaushwe kwenye oveni ya nyuzi 103 hivi, kikipimwa tena na tena mpaka uzito usishuke. Kikianza na gramu 620 kikaishia 500, maji yalikuwa gramu 120, na unyevu ni asilimia 24. Ubao huo urudi bandani. Kwa mlango wa Kasulu au Kibondo, kazi ianze ubao ukiwa karibu na 12, yaani katikati ya unyevu wa Agosti na wa Desemba, ili msimu wowote utakaofuata uusogeze nusu ya njia tu.

Anayenunua leo bila mizani wala muda abaki na maswali matatu ya kumwuliza muuzaji: mbao zilipasuliwa mwezi gani, zilipangwa wapi, na hati yake iko wapi. Tarehe iliyoandikwa kwenye hati humwambia mnunuzi kitu ambacho rangi ya ubao haisemi.